Redio ya memori kadi yenye Biblia ya Kiswahili, kwa mtu ambaye mikono yake iko bize siku nzima

Bwana asifiwe wapendwa. Leo nataka kuwaambia kuhusu hizi redio ndogo za memori kadi, zile ziko kwa meza na madirisha ya maduka pale Luthuli Avenue na River Road, na nitaiongelea kama chombo cha kukaa na Neno la Mungu ukiwa kazini, juu hiyo ndiyo sababu nilinunua yangu na hiyo ndiyo kazi inanifanyia mpaka leo. Mambo ya nyimbo na mpira hapa sitagusa.

Mimi ni fundi wa nguo, niko Uhuru Market hapo Jogoo Road, nashona sare za shule, blauzi, kaptula, sketi za marinda, gauni za watoto wa nasari. Mwenye amewahi kupita huko Disemba ikiisha mpaka shule zifunguliwe Januari anajua venye kunakuwa, oda juu ya oda, wazazi wamesimama hapo nje wanangoja, ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, inanguruma, na wewe kichwa kiko chini kwa sindano. Naamka mapema, naomba kidogo, nasoma aya mbili tatu nikiwa nimesimama jikoni chai ikichemka, halafu natoka mbio kushika matatu ya Kayole kabla jamu ya Jogoo Road haijakaza. Sasa shida yangu ilikuwa hii. Ile asubuhi ninakuwa karibu na Mungu kabisa, nasikia amani, lakini ikifika saa nne nikiwa kwa cherehani ni kama ile asubuhi ilikuwa ya mtu mwingine. Mawazo yote ni deni la kitambaa, kodi ya kibanda, huyu kastoma amesema kiuno kimebana, yule hajatuma pesa. Jioni narudi nyumbani nimechoka, naomba nikisinzia. Na moyo unabaki na njaa. Si ati nilikuwa nimemwacha Mungu, nilikuwa namtaka, na nilikuwa namtaka katikati ya siku, hapo hapo kazini, pale ndiko maisha yangu mengi yako.

Kuna Zaburi ya 84, ile ya wana wa Kora, inasema "Nafsi yangu imezionea shauku nyua za BWANA, naam, na kuzikondea." Kuzikondea jamani. Huyu mtu alikuwa anakonda kwa hamu ya kuwa karibu na Mungu. Niliposoma hapo nikasema huyu ananielewa.

Wengine watauliza, kwani simu haina Biblia? Iko, tena bure. Programu ya Bible.is ya wale watu wa Faith Comes By Hearing wa Marekani ina sauti za Kiswahili, na YouVersion pia ina Biblia za Kiswahili za kusoma, na mimi nazitumia zote mbili nikiwa nyumbani. Lakini simu yangu kazini ni ofisi. Kastoma anapiga, meseji za M-Pesa zinaingia, grupu ya wazazi, grupu ya chama, grupu ya kwaya, na kila mlio unakutoa kwa Neno unakurudisha kwa shughuli. Unaanza kusikiliza Yohana sura ya 15, "Kaeni ndani yangu, nami ndani yenu," na kabla hujafika kwa matawi na mzabibu umeshajibu watu watatu kuhusu kitambaa cha rangi ya bluu. Mbali na hiyo chaji ya simu fundi anaihitaji mpaka jioni. Ndio nikatafuta kitu ambacho kazi yake ni moja tu, hakipigiwi na mtu, hakiwezi kukuletea habari za mtu.

Chenyewe ni kidogo, kinakaa kwa kiganja, kina spika moja mbele, mahali pa kuchomeka memori kadi, mahali pa fulashi, tundu la iafoni, antena na tochi. Jina lililoandikwa mbele halina maana sana kwa sababu hizi redio zinatoka China kwa majina mia na ndani ni kitu kile kile. Yangu ilinigharimu elfu moja na mia mbili na hapo nilikuwa nimebishana bei. Kadi nikanunua kando. Angalia sana upande wa betri, chukua ile inatumia betri ya BL-5C, ile ya simu za Nokia za zamani, kwa sababu siku betri ikichoka unapata nyingine karibu kila mahali na unabadilisha mwenyewe kwa mkono bila fundi. Zile ambazo betri imefungiwa ndani, ikikufa umenunua takataka.

Sasa kuhusu Biblia yenyewe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanakata tamaa na kuweka redio kwa droo.

Biblia nzima ina vitabu 66 na sura 1,189. Kwa sauti kawaida kila sura ni faili moja, kwa hivyo hiyo kadi yako inabeba faili zaidi ya elfu moja, na ukisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kusimama ni zaidi ya saa 70. Haihitaji kadi kubwa, ya GB 4 inatosha kama sauti imerekodiwa kawaida. Shida iko kwa mpangilio. Kijana aliyeniwekea mara ya kwanza, sitasema duka, alikuwa mtu mzuri tu, akaniambia "mathe, iko yote ndani, Mwanzo mpaka Ufunuo," na kweli ilikuwa yote, lakini nikianza Zaburi inacheza ya 1, halafu ya 10, halafu ya 100, halafu ya 101. Mwanzo sura ya 1 Mungu anaumba mbingu na nchi, inayofuata ni sura ya 10 wana wa Nuhu wanahesabiwa, na Adamu na Hawa bado hawajala tunda Ibrahimu ashamzika Sara. Hiyo inatokea kwa sababu faili zimeandikwa 1, 2, 3 badala ya 001, 002, 003, na mashine inapanga kama herufi. Na kuna shida nyingine imejificha chini ya hiyo, nyingi ya hizi redio hazisomi majina kabisa, zinacheza kwa mfuatano ule ule faili ziliingizwa kwa kadi. Kwa hivyo ukibadilisha majina faili zikiwa zimeshaingia kwa kadi haitasaidia.

Dawa yake ni hii. Nenda saiba, au mwambie kijana wako wa nyumbani mwenye kompyuta. Kadi ifutwe yote, ifomatiwe FAT32. Kila kitabu kiwe na folda yake na namba mbele, 01 Mwanzo, 02 Kutoka, hivyo mpaka 66 Ufunuo. Ndani ya folda sura ziwe 001, 002. Halafu zinakiliwa zikiwa zimepangwa hivyo, moja baada ya nyingine, kwa kadi tupu. Ni kazi ya jioni moja. Mpwa wangu ndiye alinifanyia hii na nilimshonea shati, na tangu siku hiyo Neno linakuja kwa mpangilio wake venye liliandikwa. Kama unaona ni kazi nyingi, weka Agano Jipya peke yake, sura 260, kama saa 20 hivi za kusikiliza, na Zaburi. Mtu anaishi vizuri sana na hizo mbili.

Kuna sauti za aina mbili pia. Kuna ya mchezo, watu wengi, huyu anakuwa Petro, huyu anakuwa Pilato, na muziki nyuma na upepo na maji ya bahari. Na kuna ya msomaji mmoja anasoma tu. Ya mchezo ni nzuri kwa watoto na ni nzuri kwa kijiji watu wakikaa pamoja, wale Faith Comes By Hearing wana hata mashine yao kubwa inaitwa Proclaimer, ina sola na mkono wa kuzungusha, imetengenezwa kwa kikundi kusikiliza pamoja mahali hakuna stima. Lakini kwa mtu anayefanya kazi siku nzima mimi napendekeza msomaji mmoja. Muziki unakuambia hapa uhuzunike, hapa ufurahi. Sauti moja ya kawaida inakuachia Neno uliwaze mwenyewe, na masikio hayachoki haraka.

Na lugha, mimi ni mtu wa Biblia ya Union Version, ile ya 1952. Watoto wangu wanaelewa Biblia ya Habari Njema haraka zaidi na siwakatazi, ni Kiswahili chepesi na ni Neno lile lile. Ila mimi nilifundishwa kuomba na bibi yangu kwa maneno ya Union, na nikisikia "nafsi yangu" na "naam" na "fadhili zako" ndani yangu kitu kinasimama. Bibi hakuwa anasoma hata, alikuwa anazijua kwa kusikia kanisani. Paulo anawaandikia Warumi sura ya 10, "Basi imani, chanzo chake ni kusikia, na kusikia huja kwa neno la Kristo." Tumezoea kudhani kusikiliza ni njia ya mtu hajui kusoma, na kwa miaka mingi sana kanisa lilikuwa linasikia tu, hizo barua zenyewe zilisomwa mbele ya watu kwa sauti.

Sasa niwaambie imenifanyia nini.

Kama wewe ni fundi wa nguo au unajua kushona, sikiliza kitabu cha Kutoka kuanzia sura ya 25. Hapo wengi wakisoma wanaruka, vipimo na vipimo, mbao na vitako na pete. Mimi pia kwa macho nilikuwa napita hapo mbio. Lakini siku moja niko nakunja pindo za sketi, redio inasoma sura ya 26, na nikasikia Mungu anatoa oda. Mapazia kumi ya kitani nzuri, kila moja urefu wake mikono 28 na upana mikono 4, yote kipimo kimoja. Matano yaungwe pamoja, na matano mengine yaungwe pamoja. Tanzi hamsini upande huu, tanzi hamsini upande ule, zikabiliane, na vifungo hamsini vya dhahabu vya kuyaunganisha. Mikono kwa cherehani, kichwa kikaanza kupiga hesabu yenyewe, mkono mmoja ni kama nusu mita kasoro kidogo, kwa hivyo pazia moja ni karibu mita 13, na hizo tanzi lazima zipimwe sawa la sivyo hazitakutana. Nilisimamisha cherehani. Huyu Mungu anajua kazi yangu. Anajua kwamba tanzi zisipokabiliana pazia litavuta upande.

Halafu sura ya 28 ikanimaliza kabisa. Anaeleza joho la Haruni, na anasema tundu la kupitisha kichwa liwe na utepe uliofumwa kulizunguka, lisipasuke. Fundi yeyote hapa Uhuru Market atakuambia nguo inapasuka wapi kwanza. Shingoni. Mtoto anavaa mbio, anavuta, shingo inaachia, ndio tunaweka utepe wa ndani pale. Mungu wa mbingu na nchi, ambaye muda si mrefu alikuwa ameshuka Sinai kwa moto na moshi mpaka watu wanatetemeka, anachukua nafasi kuambia Musa shingo ya nguo iimarishwe. Nikalia hapo kwa cherehani na sioni haya kuandika hivyo. Miaka yote nimekuwa nikidhani ili niwe karibu na Mungu lazima niache kazi niende mahali, kesha, mlima, msitu wa Karura, na hizo zote nazipenda na bado naenda. Lakini alikuwa ameshakuja karibu na kitambaa na uzi kabla mimi sijazaliwa.

Na ukiendelea sura ya 31 kuna Bezaleli, ambaye Mungu anasema amemjaza roho ya Mungu, kwa hekima na maarifa na ujuzi wa kazi ya kila aina. Wapendwa, tafuteni mumwone huyo mtu amejazwa Roho aende afanye nini. Akachonge, akatengeneze dhahabu, akafanye kazi ya mikono. Tangu hapo nikisikiliza masikio yanashika mambo ambayo macho yalikuwa yanapita. Dorkasi kule Yafa, Matendo sura ya 9, amekufa na wajane wamesimama wanalia wakimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Hakuna mahali imeandikwa alihubiri. Wanashika nguo. Akila na Prisila na Paulo, Matendo 18, wote ufundi wao ni kushona mahema, wanakaa pamoja wakifanya kazi, na lazima walikuwa wakiongea habari za Bwana sindano zikiendelea. Na pale msalabani, Yohana 19, kanzu ya Bwana Yesu "haikushonwa, imefumwa yote pia tangu juu," na askari wanaipigia kura badala ya kuipasua. Mimi nikifika hapo sasa siwezi kupita bila kusimama. Kuna mtu alikaa chini akafuma hiyo nguo, juu mpaka chini bila mshono. Hatuambiwi ni nani. Bwana aliivaa mpaka siku ile.

Basi kitufe ambacho natumia kuliko vyote kwa hii redio ni kile cha kusimamisha. Hii ndiyo siri ambayo ningetaka mtu anisaidie kuisema vizuri. Ukiacha inaendelea tu masaa na masaa, Neno linakuwa kelele kama kelele zingine za soko, na kwangu sura ya tatu ya nne hivi ikipita sijui tena nilisikia nini. Lakini ukisikia aya moja ikakugusa ukasimamisha, unashona kimya, unaiongelea na Mungu. Unairudia kwa midomo. Unaomba nayo. Sare nazo zimenisaidia hapo kwa sababu kila moja ina mtoto wake, kwa kitabu cha oda nimeandika jina na kifua na kiuno, kwa hivyo nikiwa nashona blauzi ya mtoto namwombea huyo mtoto kwa jina lake, shule anayoenda, mama yake ambaye analipa pole pole. Halafu naendelea na sura. Daudi anasema katika Zaburi ya 55, "Jioni, asubuhi, na adhuhuri nitalalama na kuugua, Naye ataisikia sauti yangu." Ile adhuhuri ndiyo ilikuwa imenipotea, na ndiyo nimerudishiwa.

Kuna dada mmoja wa fellowship aliniuliza kama kusikiliza Biblia ukifanya kazi si kumvunjia Mungu heshima, ati unampa nusu ya sikio. Nimelifikiria sana swali lake kwa sababu si swali baya. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inasema haya maneno uyanene "uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo," hapo sijaona mahali pameachwa nje. Na Martha, yule tunamtumia kila wakati kusema kazi ni mbaya, Bwana hakumwambia aache kupika. Alimwambia, "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi." Kusumbuka na kufadhaika, hayo ndiyo nilikuwa nayo kila saa nne asubuhi. Hata hivyo dada alikuwa na neno. Kuna kazi na kuna kazi. Nikiwa nakata kitambaa nazima redio kabisa, kukata kunataka akili yote, ukikosea umeharibu mita nzima ya mtu. Kupiga mshono ulionyooka, kukunja pindo, kufunga vifungo, kupiga pasi, hapo Neno linaingia vizuri. Na vitabu pia si sawa. Injili na Matendo na hadithi za Ruthu na Samweli zinafuatika hata ukiwa na kastoma nusu nusu. Zaburi ni nzuri kuliko zote kwa sababu ni fupi, unasikia moja unasimamisha, isipokuwa ile ya 119 yenye aya 176 ambayo naigawa vipande. Barua za Paulo ni ngumu kwa kazi, hasa Warumi, sentensi moja inaanza hapa inaisha kule, ukiinua kichwa kidogo umepotea. Hizo nasoma jioni kwa Biblia ya karatasi nikiwa na kalamu. Redio haiondoi Biblia ya karatasi, na haiondoi kanisa, na mwenye anafanya kazi tao na anaweza kuingia misa ya mchana pale Holy Family Basilica au akae tu kimya kidogo All Saints Cathedral mbona asiingie.

Jambo la majirani. Vibanda vyetu vimeshikana, ukuta ni mbao. Jirani yangu wa kulia ni Muislamu, mama mzuri sana, tunakopeshana uzi na bobini, na mimi sioni kama kumhubiria kwa spika ndiyo njia ya kumpenda. Sauti naweka chini inisikike mimi. Adhana ikisikika nazima kabisa mpaka imalizike, na yeye siku moja mwenyewe aliniambia niongeze kidogo, ilikuwa habari za Yusufu na ndugu zake, akataka kusikia mwisho. Mahali pa iafoni pako lakini kwa fundi natoa onyo, weka sikio moja tu. Lazima usikie mashine yako. Ovaloki ikianza kulia vibaya unataka kujua kabla haijakula kitambaa.

Redio ya kawaida ndani yake pia inashika, hapa Jogoo Road napata Hope FM 93.3 na Radio Waumini 88.3 bila shida. Tochi ni tochi.

Mabaya yake nayo niseme. Ya kwanza na kubwa, yangu haikumbuki. Ukiizima inarudi mwanzo kabisa, Mwanzo sura ya kwanza, na kufika Isaya kwa kubonyeza ni kazi ya kuchosha hata kama ina kitufe cha kuruka folda. Nimeona zingine zinakumbuka mahali ziliachia, kwa hivyo ukienda kununua jaribu hapo dukani, cheza faili ya katikati, zima, washa, uone inaanzia wapi, kabla hujatoa pesa. Nenda na kadi yako mwenyewe tayari imepangwa, usikubali kujaribiwa na kadi yao yenye nyimbo kumi. Mimi natatua kwa kutumia kadi tatu, moja ina Injili, moja Zaburi na Mithali, moja vitabu vya Musa, nabadilisha kulingana na wiki. Ya pili, spika ukiipandisha juu inakwaruza, sauti ya mwanamume mwenye besi inakuwa kama iko ndani ya debe. Ya tatu, chaja yake ni ile ya pini ya zamani na inalegea haraka, kwa hivyo chomeka pole pole. Nikiitumia tangu asubuhi betri huchoka kabla ya jioni, nami naweka betri ya pili kwa mkoba imejaa, na stima ikipotea kwa soko redio inaendelea ikiwa sisi tumebaki na cherehani za miguu.

Kwa hiyo bei, namshauri mtu yeyote anayefanya kazi ya mikono aende achukue, mama wa mandazi, mama fua, msusi, mlinzi wa usiku, fundi viatu. Mlinzi wa plot yetu nilimwekea kadi ya Zaburi kwa redio yake na sasa nikipita asubuhi ananiambia amefika ya ngapi. Anayekaa ofisini na kuongea na watu siku nzima sidhani itamfaa, huyo atafute njia nyingine.

Na kama kuna mtu anatengeneza hizi vitu, au anajua mwenye anatengeneza, naomba kitu kimoja. Kitufe cha kusimamisha kiwe kikubwa, kiwe kimeinuka, nikisikie kwa kidole bila kutoa macho kwa sindano, kwa sasa viko vitano vimepangwa mstari vinafanana na mara nyingi nikitaka kunyamaza na aya moja najikuta nimeruka sura nzima. Hiyo nitanunua hata kwa elfu tatu.